Kuthamini fenicha za zamani na vyombo vya marehemu kwa ajili ya mirathi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Wengi wanaouliza maswali haya wametoka matangani juzijuzi. Nyumba iko Isamilo, Kirumba au Nansio, imejaa vitu vilivyokusanywa kwa miaka hamsini, na mtoto mmoja ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kiwanja kina hati, gari lina kadi, akaunti ina taarifa ya benki. Kabati la mninga halina karatasi yoyote, na mara nyingi ndilo linalogombewa. Majibu haya ni kwa ajili ya msimamizi huyo. Utaona neno moja likijirudia: andika kwanza kila kilichomo ndani, bei itafuata.

Vyombo vya ndani navyo ni mirathi? Tulidhani ni nyumba, shamba na akaunti tu.

Ni mirathi. Kinachohesabiwa ni kila alichoacha marehemu, pamoja na madeni aliyoacha. Kama shauri lenu liko Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni kwa Fomu Namba V ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu ya alichopokea, alicholipa na alichouza kwa Fomu Namba VI. Kanuni hizo ni za mwaka 1971. Kama mlifungua shauri kwenye mahakama za juu zaidi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ya mali inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Mahakama inaweza kuongeza muda ikiombwa. Omba kabla siku hazijaisha. Msimamizi anayekaa kimya mwaka mzima huwapa ndugu sababu ya kumshuku hata kama hajagusa kijiko.

Tanzania hakuna kodi ya mirathi. Kwa nini tuhangaike na bei za viti?

Ni kweli hakuna kodi ya mirathi hapa kwetu, kwa hiyo hakuna afisa atakayekuja kukagua thamani ya sofa. Bei inahitajika kwa sababu zilizo karibu zaidi na nyumbani. Madeni hulipwa kabla ya urithi, na lazima ijulikane kama mali inatosha. Mahakama inaweza kumtaka msimamizi aweke dhamana, na dhamana hiyo hutazama thamani ya mali. Tena mafungu ya warithi huhesabiwa kwa thamani, hayahesabiwi kwa idadi ya vitu.

Chukua familia ya Kiislamu: baba amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Tuseme gharama za mazishi na madeni vimeshaondolewa, na vyombo vya ndani vinabaki na thamani ya shilingi 4,800,000. Mke ana thumuni, yaani 600,000. Zinabaki 4,200,000, zinagawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume 1,680,000, wa kike 840,000. Sasa mtu akiandika kabati la milioni moja na nusu kuwa ni laki mbili, kisha akalichukua yeye, amewadhulumu mama yake na dada yake bila kuonekana. Hapo ndipo kuthamini kunapokuwa suala la haki. Kwa upande wa sheria, kuwasilisha kwa makusudi orodha ya uongo ni kosa la jinai.

Tuandike bei ipi? Ile aliyonunulia, ya dukani, au ya kuuza haraka?

Kuna bei tatu, na ugomvi mwingi hutokana na kila ndugu kushika ya kwake. Ya kwanza ni ya kununua kipya kinachofanana nacho. Hiyo ni ya bima. Ya pili ni ile ambayo mwenye duka la fenicha angekiuzia baada ya kukisafisha, kukisafirisha na kuweka faida yake. Ya tatu ni ile ambayo mnunuzi wa kawaida angelipa leo kwa kitu hicho kilivyo, pale kilipo, bila muuzaji kubanwa na shida. Andika ya tatu.

Bei aliyonunulia marehemu haisaidii. Meza iliyonunuliwa kwa shilingi 900 mwaka 1974 haina uhusiano wowote na shilingi za leo. Na bei ya kubanwa, ile ya kuuza usiku kwa sababu kodi ya nyumba inaisha kesho, nayo si kipimo cha haki.

Wekeni tarehe moja kwa vitu vyote. Mimi hushauri thamani ya siku ya kifo iandikwe safu moja, na kitu kikiuzwa baadaye, bei halisi iliyopatikana iandikwe kwenye hesabu. Zikitofautiana, hakuna ubaya; kinachotakiwa ni maelezo na risiti.

Nguo na vyombo vimeshagawanywa siku ya kuondoa tanga, kabla msimamizi hajateuliwa. Tufanyeje?

Desturi hii ni ya kila mahali Kanda ya Ziwa, na mara nyingi hufanyika kwa upendo: shangazi anapewa kanga, rafiki wa marehemu anapewa koti. Nguo za kawaida hazimuumizi mtu. Tatizo ni kwamba pamoja na kanga hutoka cherehani, redio, saa ya ukutani na sinia la shaba, na miezi miwili baadaye hakuna anayekumbuka kilikwenda wapi.

Andikeni sasa, kila mtu aseme alichochukua. Msianze na maneno ya wizi. Waambieni wote kwamba vitu vinaandikwa tu, na kila kitu kitahesabiwa kwenye fungu la aliyenacho au kitarudi. Nimeona familia zikipona kwa hatua hii moja, kwa sababu watu wengi wako tayari kutaja walichobeba kama hawatahukumiwa kwanza. Ambao msiba haujafika tanga, mtu mmoja apite na simu, apige picha kila chumba kabla kitu hakijasogezwa. Ni kazi ya nusu saa.

Tunaorodheshaje bila kuacha kitu?

Chumba kwa chumba, kuanzia mlangoni na kuzunguka upande mmoja hadi kurudi mlangoni. Wawepo warithi wawili wasiokaa upande mmoja wa mgogoro, na mtu wa tatu asiye mrithi, kama mjumbe wa mtaa, shehe, katekista au jirani wa siku nyingi. Mmoja anataja, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha. Bandika namba kwenye kila kitu kikubwa, na namba hiyohiyo iwe kwenye daftari.

Vitu vidogo visivyo na bei kubwa viwekwe kwa mafungu: "sufuria na bakuli za jikoni, fungu moja", "mashuka na mablanketi, fungu moja". Hakuna hakimu anayetaka kuhesabiwa vijiko. Lakini kitu chochote ambacho ndugu mmoja tu angeweza kukililia, kiandikwe peke yake hata kama bei yake ni buku tano. Picha ya harusi ya wazazi, Biblia au Msahafu wa babu, fimbo ya mzee: viandikwe.

Fungueni kila droo, muangalie chini ya magodoro, darini, stoo na kwenye makasha. Mifukoni mwa makoti pia. Huko ndiko zinakopatikana stakabadhi za madeni, hisa na kadi za benki ambazo ni kubwa kuliko fenicha yote.

Lazima tumlipe mthamini aliyesajiliwa?

Kwa nyumba na ardhi, ndiyo, tafuta mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyopo chini ya sheria ya mwaka 2016. Kwa vyombo vya kawaida, ada yake inaweza kuzidi thamani ya vyombo vyenyewe. Familia nyingi zinafanya vizuri kwa kuwaita mafundi wa fani: seremala mzee kwa fenicha, sonara kwa dhahabu, fundi cherehani kwa cherehani, na dalali mwenye leseni kwa yaliyobaki. Kila mmoja aandike bei kwenye karatasi, aweke jina, sahihi na tarehe.

Kwa kitu mnachokigombea, ita wawili ambao hawajuani. Wasione bei ya mwenzake. Wakikaribiana, chukueni wastani. Wakipishana sana, muulize kila mmoja ameona nini, maana mara nyingi mmoja ameona ufa au matundu ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, ambayo mwingine hakuyaona.

Jambo ambalo sitalilegeza: anayethamini asiwe mnunuzi. Na msimamizi asijipangie bei ya kitu anachotaka kukichukua mwenyewe.

Nitajuaje kama fenicha ni ya zamani kweli, au imechakaa tu?

Swali hili nalipenda, kwa sababu fenicha yenyewe hujibu ukiigeuza. Usiangalie mbele, ambako kila mtu amepaka vanishi. Toa droo nje, igeuze, tazama chini na nyuma.

Anza na pembe za droo. Seremala wa mkono alikata meno ya kuunganisha kwa msumeno na patasi, kwa hiyo meno hayalingani sawasawa, na utaona mistari aliyochora kwa msumari kabla ya kukata. Meno yaliyolingana yote ni ya mashine. Pembe zilizopigwa misumari tu ni za kazi ya haraka, iwe ya zamani au ya jana.

Tazama skrubu. Skrubu za nyota zilianza kuenea duniani miaka ya 1930, kwa hiyo zikiwa kwenye bawaba za awali, kabati si la enzi ya Mjerumani hata mzee angeapa. Angalia pia kama kuna matundu mengine ya skrubu pembeni. Hayo yanaonyesha bawaba zimebadilishwa, na kabati lenyewe linaweza kuwa la zamani kuliko vyuma vyake. Mgongo wa plaiwudi, meza yenye uso wa fomaika, au mbao za vumbi lililogandamizwa kwa gundi vinakuambia karne ya 20 imeshafika mbali.

Kisha pitisha kiganja chini ya meza. Mbao iliyopigwa randa ya mkono ina mawimbi madogo ambayo macho hayayaoni. Mbao pana ya kipande kimoja, upana ambao leo hupati kwa wauza mbao, ni dalili nzuri sana.

Mwisho tafuta mihuri. Mwanza ni mji wa reli na meli. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na meli za ziwani ziliendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Wafanyakazi wa zamani wa reli na bandari wakati mwingine walibaki na viti, meza na masanduku yaliyogongwa herufi EAR&H, kifupi cha jina la shirika hilo kwa Kiingereza. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1969, reli upande mmoja na bandari upande mwingine, kwa hiyo muhuri huo unakupa miaka ishirini ya kulenga. Vivyo hivyo madawati na mizani za vyama vya pamba: shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lilianzishwa mwaka 1955, na kitu chenye jina lake hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Vitu vya namna hii havina bei kubwa kila mara, lakini vina historia inayoweza kuthibitishwa, na mnunuzi anayejua hulipia uthibitisho.

Mbao ina uzito gani kwenye bei?

Mkubwa kuliko umri. Kwa soko letu, kitanda cha mninga cha miaka ya 1980 kilicho kizima mara nyingi humshinda kwa bei kiti cha mbao laini cha miaka ya 1930 kilicholegea miguu. Mninga, mvule, mkongo na mpingo vina wanunuzi wakati wote, kwa sababu seremala anaweza kununua meza kubwa ili tu apate mbao iliyokauka vizuri. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ya fenicha ngumu: thamani ya mbao yake. Ukikubali chini ya hapo, umepunjwa.

Kagua bungua na mchwa. Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya ni wadudu walio hai, na bei inashuka. Vitundu vikavu visivyotoa unga ukigonga ni vya zamani. Bei haishuki sana.

Ndugu wanataka tukarabati na kupaka vanishi kwanza ili bei ipande.

Msifanye hivyo kabla ya kuthamini. Thamani inaandikwa kwa kitu kilivyo, na gharama ya fundi itazua swali la nani alitoa hela. Zaidi ya hapo, msasa wa umeme ukipita juu ya kasha la zamani unaondoa ile rangi iliyokolea kwa miaka, na haipakiki tena. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu. Misumari ya shaba kwenye makasha ya Kiarabu isisuguliwe ing'ae. Kitasa kikivunjika, kiwekeni kwenye bahasha ndani ya droo.

Tuna cherehani ya Singer ya bibi. Watu wanasema ina mamilioni.

Uvumi huo huzunguka kila baada ya muda, na umewaumiza watu. Singer alitengeneza cherehani kwa mamilioni, kwa hiyo umri peke yake hauifanyi kuwa adimu. Tazama namba iliyogongwa kwenye chuma kulia, karibu na kitako. Namba zinazoanza na herufi zilianza mwaka 1900. Namba tupu bila herufi huwa ni za kabla ya hapo. Kampuni ilitoa kumbukumbu za namba hizi, na mwaka wa kutengenezwa unaweza kujulikana. Kiwanda kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilichohudumia masoko mengi ya nje, kilifungwa mwaka 1980.

Bei ya kuandika kwenye orodha ni ile ambayo fundi nguo wa Makoroboi au Mlango Mmoja angelipa kwa cherehani inayoshona, yenye meza na kanyagio kizima. Akitokea mtu anayesema ndani kuna madini ya ajabu na anataka kupima kwa sumaku, mfungieni mlango.

Kwenye kasha tumekuta sarafu za Mjerumani.

Zipigeni picha pande zote mbili, msizisugue wala kuziosha kwa ndimu. Heller za shaba za kati ya 1904 na 1913 ni nyingi, na bei yake ni ndogo. Rupia za madini ya fedha zenye picha ya Kaiser Wilhelm II zina angalau thamani ya madini yake. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizoanza 1921, zina fedha kidogo tu ndani yake au hazina kabisa.

Yenye thamani kubwa kweli ni rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imeikata koloni na Ujerumani. Ina tembo mbele ya mlima upande mmoja na tai upande wa pili, na zilitoka takribani 16,000 tu. Kwa sababu hiyo za bandia ni nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Sonara mwenye mizani nzuri atakusaidia hatua ya kwanza. Mwaka huohuo Tabora iligonga pia heller 20 za shaba kwa wingi, na watu huzichanganya na ile ya dhahabu kwa sababu zote zina rangi ya manjano. Wala si sarafu moja.

Na dhahabu ya mama?

Ipimwe kwa gramu mbele ya warithi, sonara aandike karati ya kila kipande. Karati 22 ina dhahabu takribani asilimia 91.6, karati 18 asilimia 75. Zidisha uzito kwa bei ya siku hiyo. Mawe ya rangi yasipewe bei kubwa bila uhakika.

Kuna pembe za ndovu, ngozi ya chui na gobore la babu.

Hapa simama. Pembe na ngozi ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama mlizirithi na hamkuua mnyama. Msizibebe kuzipeleka kwa dalali, msizipigie picha za kuuza, msizifiche kwa jirani. Msimamizi aende ofisi ya wanyamapori au polisi akiwa na barua ya uteuzi wake, aeleze zilipo, na achukue maandishi ya kuzikabidhi. Usinga wa mkia wa tembo na bangili za pembe ziko kwenye kundi hilohilo. Gobore na risasi hukabidhiwa polisi.

Kwenye orodha andika kwamba zilikutwa na zilikabidhiwa, tarehe na wapi. Safu ya bei iache wazi.

Babu alitoka ukoo wa watemi. Ngoma na kigoda ni mali ya nani?

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini vifaa vyake havikugeuka kuwa mali binafsi ya aliyekuwa amevihifadhi. Ngoma za enzi, vigoda na vifaa vya matambiko mara nyingi vilikuwa mikononi mwa marehemu kwa niaba ya ukoo. Kabla ya kuweka bei, iteni kikao cha ukoo kiseme kwa maandishi: hiki alikinunua, hiki alikabidhiwa. Alichokabidhiwa hakigawanywi kwa watoto wake. Kinatajwa kwenye orodha kama amana.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na miimo yake iliyochongwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya 1940. Vitu vya namna hii havitoki nje ya nchi bila kibali, hata mnunuzi akija na dola. Kama ukoo hauna pa kuvitunza, kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ambako ngoma na vifaa vya watemi vimehifadhiwa kwa miongo mingi. Kwenda kuona wenzenu walivyoviweka kunasaidia kufanya uamuzi.

Mama anasema kabati la vyombo na cherehani ni vyake, si vya baba. Baba mdogo anakataa.

Mara nyingi mama ana hoja nzito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke au mume akimpa mwenzake kitu wakati wa ndoa, kinachukuliwa kuwa ni cha aliyepewa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Alichoingia nacho kwenye ndoa, alichonunua kwa biashara yake ya dagaa, alicholetewa na wazazi wake, kinabaki chake. Kinachoingia kwenye mirathi ni cha marehemu tu.

Vitu hivyo viandikwe kwenye ukurasa wake, "vilivyomo ndani lakini ni vya mjane", pamoja na ushahidi uliopo: risiti, shahidi wa harusi, hata picha ya zamani inayoonyesha cherehani kwa wazazi wake. Nasema wazi: kumvua mjane sufuria zake kwa kisingizio cha kuorodhesha mali ni dhuluma, na msimamizi ana wajibu wa kuizuia hata kama anayefanya hivyo ni mkubwa wake.

Watoto wawili wanataka meza ileile.

Kwanza bei ikubalike kabla haijajulikana nani ataichukua. Kisha anayeichukua akatwe kiasi hicho kwenye fungu lake, au awalipe wenzake tofauti. Kama bado wote wawili wanaing'ang'ania, kila mmoja aandike kwenye karatasi iliyokunjwa kiasi ambacho yuko tayari kukatwa, zifunguliwe pamoja mbele ya wazee. Atakayeandika zaidi anachukua, na ziada inaingia kwa wote.

Njia hii ina udhaifu: mwenye uwezo humshinda asiye nao. Kwa kitu cha kumbukumbu chenye bei ndogo, kama fimbo au picha, naona kura ni ya haki zaidi.

Karabai, nyavu na mtumbwi viandikwe wapi?

Ni vifaa vya kazi, vipeni ukurasa wake. Karabai za kuvulia dagaa zimeshuka bei tangu taa za sola zienee ziwani. Kagua tangi na pampu. Mashine ya mtumbwi iandikwe kwa namba yake na nguvu zake, tena mapema, kwa sababu kati ya vitu vyote vya marehemu ndiyo inayohama usiku kirahisi zaidi. Kama vijana bado wanavua na chombo hicho, mapato yake tangu siku ya kifo ni ya mirathi, na mwandishi wa hesabu ayadai kila wiki.

Siku tatu baada ya mazishi amekuja mtu na fedha taslimu, anataka "vitu vya zamani vyote".

Hana wa kumuuzia. Kabla ya uteuzi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, hata mtoto wa kwanza. Mwambieni aache namba. Wanunuzi wa namna hii hutoa bei nzuri kwa kitu kimoja kisicho na maana, kisha huomba "mtuongezee" sinia na birika za shaba. Wengine hupima shaba kwa kilo, bei ya chuma chakavu, wakati sinia lenye nakshi za mkono huuzwa kwa kipande. Atakayerudi baada ya miezi minne na kutoa bei mbele ya mashahidi, huyo ni mnunuzi.

Dada yetu alifariki Uingereza na nyumba yake iko kule. Utaratibu ni huuhuu?

Hapana. Kule kuna kodi ya mirathi ya asilimia 40 kwa sehemu inayozidi pauni 325,000, ukiacha misamaha, kama ule wa mali inayokwenda kwa mume au mke. Vyombo vinathaminiwa kwa bei ya soko huru siku ya kifo, na kitu kimoja kinachozidi pauni 1,500 hushauriwa kithaminiwe na mtaalamu. Tumieni msimamizi na mthamini wa kule kwa vitu vya kule. Vilivyoko Mwanza viandikwe hapa.

Mirathi imefungwa, sasa kumepatikana kasha lililokuwa kwa rafiki wa marehemu Sengerema.

Msigawane kimyakimya. Msimamizi alifungue mbele ya mashahidi walewale, aandike kilichomo, akipe bei kwa njia ileile, kisha arudi mahakamani na taarifa ya nyongeza akieleza limepatikana lini na kwa nani. Mahakama itaelekeza. Aliyelitunza naye apewe barua ya kuthibitisha kwamba amelikabidhi lote, ikiwa na orodha ya kilichomo na sahihi za pande zote mbili.